King'amuzi kinawaka, chaneli hazifunguki: pima tatizo kabla ya kumlipa fundi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, kuanzia mwezi wa kumi kuendelea, ving'amuzi hununuliwa sana Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea. Vingine vinatoka kwa wakala. Vingine vinatoka gulioni, kwa mtu aliyevuka Ruvuma navyo kwa kivuko cha Kilambo au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, kwa ndugu aliyerudi likizo kutoka Muscat au London, au kwa jirani anayehama. Kisha simu zinaanza: "Fundi, king'amuzi kinawaka vizuri, taa ya kijani ipo, lakini hakionyeshi kitu."

Nafunga madishi Mtwara mjini na vijijini, na wakati mwingine navuka hadi Lindi. Naandika haya kwa sababu inauma kuona mtu amebadilisha LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), waya na hata dishi zima, wakati king'amuzi chenyewe kimesajiliwa nchi nyingine na hakuna waya utakaokibadilisha. Inauma vilevile kuona kinyume chake: mtu anatupa king'amuzi kizima kwa kuambiwa ni cha magendo, kumbe ni konekta iliyoota kutu.

Kabla ya yote, jua umeshika nini

Watu husema "orijino" au "feki" na kuishia hapo. Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo inayosumbua zaidi huku kusini: king'amuzi halisi kabisa, kimetoka kiwanda kilekile, lakini kimeingia kwa njia ya pembeni bila kupitia wakala wa kampuni kwa Tanzania. Ubora wake hauna shida. Shida ni kwamba kimetengenezewa soko jingine na kusajiliwa huko.

Namna ya kutambua ni rahisi. Geuza king'amuzi usome stika ya chini: namba ya serial na, kama kinatumia kadi, namba ya kadi. Linganisha na namba iliyo kwenye boksi. Halafu kikishawaka, ingia kwenye menyu, sehemu ya taarifa za mfumo, usome namba inayoonekana kwenye skrini. Namba hizo zinatakiwa zifanane mahali pote patatu. Stika na skrini zikitofautiana, kimefunguliwa au kimebadilishwa kasha. Zikifanana zote, piga huduma kwa wateja wa kampuni hiyo hapa Tanzania, uwatajie namba na uwaulize swali moja tu: hiki mnakiona kwenye mfumo wenu? Jibu la swali hilo linamaliza nusu ya matatizo yote nitakayoyaeleza hapa chini. Na ni bora uliulize ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji, fedha ikiwa mfukoni mwako.

Kipimo cha kubadilishana na jirani

Kama umeshanunua, usianze na dishi wala na king'amuzi. Tafuta jirani mwenye huduma ileile unayotaka kutumia. Chomeka king'amuzi chako kwenye waya wa dishi lake, kisha chake kwenye waya wa dishi lako. Kila unapochomoa na kuchomeka, zima kwanza umeme ukutani, siyo kwa rimoti. Waya wa dishi unapeleka umeme kwenda kwenye LNB, na uzi wa katikati ukigusa ganda la konekta wakati umeme upo, unaweza kuua sehemu ya king'amuzi inayolisha LNB. Hapo utakuwa umeongeza ugonjwa.

King'amuzi cha jirani kikionyesha kwenye dishi lako na chako kikagoma kwa jirani, dishi lako halina kosa. Tatizo ni king'amuzi au akaunti. Chako kikionyesha kwa jirani, mlaumu waya, LNB au mwelekeo wa dishi. Vikigoma vyote viwili kwenye dishi lako, panda juu ukaangalie. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na fundi asiyetaka kukifanya mtilie shaka.

"Mawimbi yapo, asilimia themanini, lakini hakuna chaneli"

Hili ndilo lalamiko la mpakani, na linastahili maelezo marefu.

Ving'amuzi vingi vina mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Mstari wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likiwa linatazama anga tupu, kwa sababu LNB yenyewe inatoa kelele na king'amuzi kinaihesabu. Mstari wa ubora ndio unaosema ukweli. Nguvu ikiwa 80 na ubora sifuri, hujapata setelaiti unayoitaka, au umeweka mipangilio isiyo yake.

Setelaiti ziko kwenye nyuzi tofauti. Azam TV inarusha kutoka nyuzi 7 Mashariki. StarTimes ya dishi iko karibu na nyuzi 5 Mashariki. DStv huku kwetu inapokelewa kutoka nyuzi 36 Mashariki. Sasa angalia: kati ya 7 na 5 kuna tofauti ya nyuzi mbili tu. Dishi lililosukumwa na upepo kidogo, au lililofungwa na mtu mwenye haraka, linaweza kukaa kwenye setelaiti ya jirani, likaonyesha mawimbi mazuri kabisa, na king'amuzi chako kisipate chochote kinachokihusu. Watu wa Shangani na Mikindani, wanaopigwa na upepo wa bahari, wanalijua hili. Dawa yake ni kulegeza nati, kusogeza dishi polepole mno huku mtu akitazama mstari wa ubora, kisha kukaza. King'amuzi hakina kosa hapo.

Upande wa pili ni huu. Mtu ananunua king'amuzi cha ZAP kilichotoka Msumbiji. ZAP nayo inarusha kutoka nyuzi 36 Mashariki, ileile ya DStv. Anakichomeka kwenye dishi la zamani la DStv lililokuwepo nyumbani. Nguvu inapanda, ubora unapanda, majina ya chaneli yanajipanga yote. Akibonyeza, zimefungwa. Hapo kila fundi anayeangalia mawimbi atasema mambo mazuri, na kweli ni mazuri. Lakini ZAP ni huduma ya Angola na Msumbiji. Haina wakala Tanzania, hailipiwi kwa shilingi, na hakuna kifurushi chake utakachokinunua kihalali ukiwa Mtwara. Vivyo hivyo king'amuzi cha DStv kilichosajiliwa Msumbiji: kinafanana na cha Tanzania kwa sura, rimoti na menyu, lakini akaunti yake iko upande wa pili wa mto.

Sababu yake siyo ukorofi wa kampuni peke yake. Haki za kuonyesha mpira na filamu huuzwa kwa nchi au kwa eneo. Aliyenunua haki za Msumbiji hana ruhusa ya kuuza matangazo hayo Tanzania, hata kama mawimbi yanavuka Ruvuma bila pasipoti. Ndiyo maana kadi hufungwa kwa nchi.

King'amuzi cha DStv kutoka Afrika Kusini kina kizingiti cha ziada. Huduma ya kule inategemea sana setelaiti ya nyuzi 68.5 Mashariki. Dishi la 36 kwa Mtwara linatazama karibu utosini, limeinuka nyuzi kama 77 na kuinamia kaskazini kidogo. Setelaiti ya 68.5 iko upande wa mashariki kabisa, juu ya bahari. Ukiambiwa "kiskani tu kitapata", hakitapata.

"Nimelipia, bado wanasema chaneli zimefungwa"

Tenganisha mambo mawili: je, fedha imefika kwenye akaunti sahihi, na je, amri ya kufungua imefika kwenye king'amuzi?

Amri ya kufungua chaneli inashuka kutoka kwenye setelaiti, haiji kwa simu. Ukilipa kwa simu king'amuzi kikiwa kimezimwa, amri inapita na hakuna wa kuipokea. Washa, kaa kwenye chaneli mojawapo ya kifurushi ulicholipia, usibadilishebadilishe, subiri. Ikigoma, omba huduma kwa wateja waitume tena. Kwenye DStv hali hii huonekana kama ujumbe wa E16. Ukiona E48-32 badala yake, hapo hakuna mawimbi yanayoingia, na kulipa tena hakutasaidia; rudi kwenye dishi.

Amri ikitumwa zaidi ya mara moja na bado kimya, angalia namba uliyolipia. Hapa ndipo ving'amuzi vya mtumba vinapowaliza watu. Mzee mmoja wa Newala alinieleza hivi:

"Fundi, nimelipa mimi mwenyewe, ujumbe huu hapa, jina limetokea."

"Shikamoo mzee. Jina lililotokea ni lako?"

"Marahaba. Siyo langu. Nilidhani ni la wakala."

Lilikuwa jina la mmiliki wa kwanza. Fedha ilikwenda kwenye akaunti yenye namba ya kadi ya zamani, kadi ambayo haikuwamo tena ndani ya king'amuzi. Mtu aliyeuza alikuwa amebadilisha kadi. Kwa ving'amuzi vingi kadi na king'amuzi vimefungwa pamoja kwenye mfumo. Ukihamisha kadi kwenda king'amuzi kingine, haifungui kitu mpaka ofisi ivioanishe upya. Na ofisi haiwezi kuoanisha bila mwenye jina kukubali kuhamisha. Kwa hiyo ukinunua mtumba, hata kwa mtu unayemfahamu, mpigieni wote wawili huduma kwa wateja mkiwa pamoja, jina libadilike, ndipo umpe fedha. Akikataa kupiga, rudisha king'amuzi mezani.

Kuna na lile la kulipa kwa simu na kuambiwa namba haipo. Azam TV, kwa mfano, inauza huduma nchi kadhaa, zikiwamo Uganda, Kenya na Malawi. King'amuzi kilichosajiliwa Malawi kikija kwa basi hadi Songea na kuishia Masasi, dishi litakubali, ubora utakubali, lakini menyu ya malipo ya simu ya hapa inaweza isiitambue namba hiyo. Usihangaike na mtandao wa simu. Nenda kwa wakala na king'amuzi chenyewe mkononi, uulize kama kinaweza kuhamishiwa Tanzania. Jibu likiwa hapana, lichukue hivyo. Mtu anayejinadi mtaani kwamba "anafungua nchi" kwa malipo anakuuzia siku chache za furaha.

Kitu kimoja kidogo lakini muhimu: siyo kila chaneli inayopotea ni kosa la akaunti. Agosti 2018 chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa sababu ya masharti ya leseni, na watu walibaki wanaskani na kurudisha mipangilio ya kiwandani bure. Chaneli moja ikitoweka kwako na kwa majirani wote siku ileile, acha king'amuzi kipumzike.

"Nusu ya chaneli zipo, nusu hazipo"

Ugonjwa huu naupenda kwa sababu unajieleza wenyewe. King'amuzi kinaiambia LNB ichukue mawimbi yapi kwa kubadilisha umeme kinaoupeleka: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa ya mlalo. Kwa LNB ya kawaida ya Ku, yaani masafa ya madishi madogo, kinaongeza mlio wa kilohezi 22 kuchagua sehemu ya juu ya masafa. Kwa hiyo chaneli zikikosekana kwa kundi, chunguza zinafanana nini. Zikiwa zote za mlalo, volti 18 haifiki. Zikiwa zote za masafa ya juu, mlio wa 22 haufiki, au umezimwa kwenye mipangilio, au LNB haiuelewi.

Volti 18 haifiki kwa sababu tatu kubwa. Waya ni mrefu na mwembamba. Waya wa bei nafuu wenye uzi wa chuma uliopakwa shaba hupoteza umeme njiani, hasa ukivutwa kutoka dishi la uani hadi nyumba ya mbele. Konekta zimeota kutu. Au adapta ya king'amuzi imechoka, na hili la mwisho huonekana sana kwenye ving'amuzi vya pembeni, kwa sababu vimeuzwa bila adapta yake na muuzaji akatafuta yoyote inayoingia tundu. Soma stika: kama king'amuzi kinataka volti 12 na ampea 1.5, adapta ya volti 12 na ampea 0.5 itakiwasha, taa itawaka, menyu itafunguka, lakini kikianza kulisha LNB kinazidiwa. Dalili nyingine ya adapta dhaifu ni kujizima na kujiwasha kila unapohamia chaneli fulani. Kabla hujasema bodi imekufa, azima adapta sahihi.

Kipimo cha waya: beba king'amuzi na TV ndogo hadi chini ya dishi, unganisha kwa waya mfupi wa mita mbili au tatu. Chaneli zikirudi zote, umepata jibu.

Chumvi

Mtwara na Lindi mjini tunaishi na bahari, na bahari inakula konekta. Konekta ya nje isiyofungwa vizuri hugeuka kijani, uzi wa shaba unakuwa mweusi, na mawimbi yanapungua kidogokidogo hadi picha inaanza kukatakata, kwanza wakati wa mvua tu, baadaye hata jua likiwaka. Mwenye nyumba husema "king'amuzi cha Msumbiji ndivyo kilivyo". Hapana. Hata kilichotoka kwa wakala jana kingefanya hivyo kwenye konekta ile.

Kata kipande cha mwisho cha waya mpaka upate shaba safi, weka konekta mpya ya kubana siyo ya kuzungusha, ifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB kabla haujapanda, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Dishi la nyuzi 36 huku kwetu limelala karibu chali, kwa hiyo hukusanya majani na uchafu, lisafishe. Dishi la Azam linatazama magharibi, likivuta kaskazini kidogo, limeinuka nyuzi kama 50. Kama miaka mitatu iliyopita lilikuwa safi na sasa linasumbua, angalia mkorosho au mwembe ulioota upande huo.

Mvua kubwa kukata picha kwa dakika kadhaa ni kawaida ya masafa ya Ku. Picha ikikatika mchana kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo, mwezi Machi au Septemba, kukiwa hakuna wingu, ni jua linapita nyuma ya setelaiti. Litapita.

"Kimeandikwa Kireno"

Hili dogo. Kwenye menyu tafuta neno "Idioma", hapo ndipo lugha hubadilishwa. Likikubali, usifurahi mapema: lugha ya menyu haihusiani na nchi ya akaunti.

"Dishi ninalo, king'amuzi kinasema hakuna antena"

Umeuziwa king'amuzi cha antena. StarTimes inauza vya aina mbili: cha antena, kinachopokea kutoka kwenye minara ya ardhini kwa mfumo wa DVB-T2, na cha dishi, kinachotumia DVB-S2. Tundu la nyuma linakaribia kufanana kwa mtu asiyezoea. Mtu ananunua Dar es Salaam, ambako antena ndogo ya dirishani inatosha, anakipeleka kijijini ambako mnara haufiki. Kampuni haina kosa na king'amuzi hakina kosa. Hapa wakala wa eneo lako anakufaa kuliko wa Kariakoo, kwa sababu anajua mnara unafika hadi wapi, na ukirudi na boksi lako anakufahamu.

Cha ndugu wa Uingereza, cha ndugu wa Uarabuni

Kisanduku cha Sky kutoka London kimejengwa kwa setelaiti za nyuzi 28.2 Mashariki, na mawimbi yake mengi yameelekezwa visiwa vya Uingereza na Ireland. Hapa hakuna dishi la kawaida litakalokifufua. Cha beIN kutoka Ghuba kina kadi ya soko la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, na malipo yake yanafuata huko. Mshukuru ndugu yako kwa upendo, umwambie mwakani alete simu.

"Sauti ipo, picha hakuna" na chaneli zisizoonekana kwenye kuskani

Hii inahusu zaidi risiva za chaneli za bure. DVB-S na DVB-S2 ni mifumo ya kurusha mawimbi ya setelaiti; MPEG-2, MPEG-4 na HEVC ni mifumo ya kubana picha. Risiva ya zamani ya DVB-S na MPEG-2 haiwezi kusoma chaneli zilizohamia DVB-S2. Kwenye kuskani hazitokei kabisa. Inayosoma DVB-S2 lakini isiyofungua picha za MPEG-4 au HEVC itakupa jina la chaneli, pengine na sauti, skrini ikibaki nyeusi. Madukani bado kuna akiba ya risiva hizo za zamani, na bei yake nzuri ndiyo inayozitoa. Soma boksi kabla ya kununua: DVB-S2 na MPEG-4 ndicho kiwango cha chini, na HEVC ikiwepo ni faida. Kama dishi lako ni lile kubwa la C-band, hakikisha kwenye mipangilio umeweka masafa ya LNB 5150, siyo 9750 na 10600 ya Ku.

Kwa risiva za chaneli za bure sina ugomvi na duka la kawaida. Hakuna akaunti, hakuna kadi, hakuna nchi ya usajili. Ikisoma mifumo niliyoitaja, ikiwa ya aina iliyoidhinishwa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na muuzaji akakupa risiti na muda wa kuirudisha, nunua popote bei inapokufaa. Anayesema kila kitu lazima kitoke kwa wakala wa kampuni kubwa anakuongezea gharama bila sababu.

Lakini usichanganye risiva ya bure na zile zinazouzwa pamoja na "seva", unazolipia kidogo kwa mwaka zikafungua chaneli za kampuni zote. Hizo zinaiba mawimbi ya wengine kupitia intaneti. Kampuni inapobadilisha ufunguo, skrini inazima, na aliyekuuzia hana ofisi wala risiti. Sizitengenezi, na ukija nayo nitakwambia hivyo mlangoni.

"Kilikuwa kizima, kikajiboresha chenyewe, sasa kimekwama kwenye nembo"

Kampuni hutuma programu mpya kwa mawimbi ya setelaiti, na ving'amuzi huipokea usiku au vinapowashwa. Umeme ukikatika katikati, programu inaweza kubaki nusu. Zima ukutani, subiri dakika kumi, washa dishi likiwa limeunganishwa na mawimbi yakiwa mazuri, ukiache kijaribu tena. Kisipofanikiwa, mahali ulikonunua ndipo panapoamua. Chenye udhamini, ambao mara nyingi ni mwaka mmoja, kinarudi kwa wakala. Kilichoingia kwa njia ya pembeni hakina dirisha la kurudi: wakala wa hapa hakukiuza, na wa Pemba ya Msumbiji au Maputo hutamfuata kwa ajili ya kisanduku kimoja. Wapo wanaobandika programu ya toleo la nchi nyingine kwa waya wa kompyuta. Kwa king'amuzi cha kulipia, mara nyingi matokeo ni kifo kamili.

Umeme wetu ukipanda na kushuka, weka stabilaiza, na ngurumo za Desemba hadi Aprili zikianza, chomoa vyote viwili, wa umeme na wa dishi. Watu hukumbuka wa ukutani wakasahau wa dishi.

Ukigundua umeuziwa vibaya

Risiti ndiyo silaha. Dai risiti ya EFD, na uombe namba ya serial iandikwe juu yake au pembeni kwa muhuri wa duka. Kwa bidhaa feki, yenye nembo ya kughushi, mlango wa kugonga ni Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Kwa huduma mbovu ya kampuni yenye leseni, malalamiko huanzia kwa kampuni yenyewe, na yasipotatuliwa yanapelekwa TCRA. Kwa king'amuzi halisi cha nchi nyingine ulichouziwa kama cha Tanzania, anza na muuzaji, ukiwa na jibu la huduma kwa wateja kwamba namba hiyo haimo kwenye mfumo wao. Mwandikie tarehe na jina la aliyekujibu. Muuzaji mwenye duka la kudumu Chikongola au Lindi mjini, akiona maandishi hayo, hurudisha kwa urahisi kuliko akisikia kelele. Wa gulioni ameshahama.

Na usiuze dishi. Hata king'amuzi kikiwa hakina tiba, dishi, LNB ya Ku, nguzo na waya mzuri vinatumika na king'amuzi cha huduma nyingine. Dishi lililokuwa la ZAP tayari limetazama 36, kwa hiyo ukinunua king'amuzi cha DStv cha Tanzania, kwanza kichomeke hapohapo. Ukienda Azam au StarTimes, itabidi ligeuzwe magharibi. Mwambie wakala mapema kwamba dishi unalo, akuuzie king'amuzi peke yake.